Bwana Tracey na Sauti za Wenyewe

Mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zimeshika, nilifunga safari kwenda Roret kumtazama mpwa wangu. Huyu ni mtoto wa dada yangu, mwalimu wa hesabu, aliyepelekwa bara kufundisha akiwa kijana na asirudi tena Mombasa ila kwa likizo, maana alioa huko huko na Mwenyezi Mungu akamjaalia watoto wanne. Roret iko Bureti, katika kaunti ya Kericho, jirani na Litein na Kapkatet, na ukitembea sehemu hizo jicho halioni ila chai, imekatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa kwa ajili ya Idi. Kila alasiri mvua hunyesha kama iliyotegewa saa. Mimi niliyezoea kulala na dirisha wazi nilikaa siku tisa na sweta juu ya kanzu, na watoto wa mpwa wangu wakanicheka siku zote tisa.

Jioni moja tulikuwa jikoni karibu na moto, mimi na mpwa wangu na mkewe, na bibi mmoja jirani yao aliyekuja kuota moto nasi, mwanamke wa miaka themanini na ushei asiyesema Kiswahili ila cha sokoni. Mpwa wangu akatoa simu yake ya mkononi, akanambia ana kitu cha kunisikilizisha. Kikatoka kinubi cha Kikipsigis, nyuzi zake zikizunguka pale pale bila haraka, kisha sauti ya msichana mmoja, nyembamba na iliyonyooka, kisha wenzake wakampokea. Haikutimia dakika mbili, ikakatika.

Yule bibi, aliyekuwa akichambua mboga, aliacha mikono yake hewani. Akacheka. Kisha akauliza swali ambalo mpwa wangu alinitafsiria: alitaka kujua huyo anayeimba ni binti wa nani.

Jina mpwa wangu alilijua, kwa kuwa limeandikwa kwenye santuri: Chemutoi Ketienya, pamoja na wasichana wa Kikipsigis, Kapkatet, mwaka 1950. Wimbo unaitwa Chemirocha. Lakini jina si nasaba, na bibi alitaka nasaba: mamake nani, nyumba ipi, aliolewa wapi. Hayo kwenye santuri hayamo. Nami nilijiona niko nyumbani, kwa sababu hata kwetu Mji wa Kale huwezi kumleta mtu barazani kwa jina tupu. Wazee watakuuliza mwana wa nani kabla hawajakuuliza hali.

Aliyeunasa wimbo ule ni Mwingereza mmoja aliyeitwa Hugh Tracey. Tangu jioni ile sijaacha kumfikiri, na ndugu wasomaji mtanisamehe leo nikiwaacha washairi wetu kando nikawapa habari za mtu huyu, ambaye wengi wenu mmezisikia kazi zake bila kulijua jina lake. Nina sababu yangu, nitaieleza mbele.

Hugh Tracey alizaliwa Januari 29, 1903, katika jimbo la Devon, kusini magharibi ya Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, angali kijana mbichi, alivuka bahari kwenda Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kumfuata kaka yake Leonard aliyekuwa na shamba la tumbaku. Chuo kikuu hakusoma, wala shule ya muziki hakuingia. Chuo chake kilikuwa lile konde la tumbaku. Wafanyakazi wa Kikaranga walikuwa wakiimba wanapopalilia, naye akawa anajifunza lugha yao na nyimbo zao kwa pamoja. Wazungu wengi wa mashambani siku zile walijifunza maneno ya kuamrisha tu: lete, beba, ondoka. Huyu akajifunza viitikio.

Mwaka 1929 alisikia kwamba kampuni ya Columbia imeleta mitambo ya kunasia sauti Johannesburg. Akawachukua vijana 14 wa Kikaranga kutoka Rhodesia, akasafiri nao mpaka huko, nyimbo zao zikatiwa kwenye santuri. Ndizo nyimbo za mwanzo za wenyeji wa nchi ile kupata kunaswa.

Hapa lazima nisimame kidogo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1928, Siti binti Saad na wenziwe walipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay kuimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice. Kila msomaji wa ukurasa huu anajua kisa hicho, na asiyekijua amtafute Shaaban Robert, aliyemwandikia Siti wasifu wake. Mtu asiyaone matukio haya mawili kuwa mamoja. Siti aliufuata mtambo kwa miguu yake mwenyewe, akijua anakwenda kufanya nini, na santuri zake zilirudi zikauzwa Unguja, Mombasa, Lamu na Dar es Salaam kwa watu wanaomjua yeye na lugha yake na utani wake. Sauti ilitoka nyumbani, na mara ikarudi nyumbani. Sauti nyingi alizozinasa Bwana Tracey katika miaka iliyofuata zilitoka kwao zisionekane tena kwa muda wa umri wa mtu mzima.

Aliporudi kwao kwa matembezi, Tracey aliwaona watunzi wakubwa wa muziki wa Kiingereza, Vaughan Williams na Gustav Holst. Hao walimtia moyo aendelee, na kwa kweli Waingereza hao walikuwa na sababu ya kumwelewa, maana Vaughan Williams naye katika ujana wake alizunguka vijijini akiandika nyimbo za wakulima wa kwao kabla hazijafa na wenyewe. Zikapatikana fedha za wakfu wa Carnegie, akarudi Rhodesia kufanya uchunguzi. Fedha zilipokwisha ikambidi atafute riziki, akaingia katika redio ya Afrika Kusini, na kuanzia katikati ya miaka ya 1930 hadi 1947 alikuwa na madaraka ya kituo cha Durban.

Alipokuwa Durban ndipo alipokutana na marimba ya Wachopi wa Msumbiji, yale wanayoyaita timbila, yanayopigwa na watu kumi, kumi na watano, ishirini kwa pamoja, na mtunzi akatunga kazi yenye sehemu nyingi zinazofuatana, zingine za ngoma, zingine za maneno. Tracey alikaa na watunzi wale, akaandika maneno yao na mishororo yao, akatoa kitabu mwaka 1948. Jambo lililonipendeza mimi kama mshairi ni kwamba aliwaita watunzi. Wakati ule Mzungu akiandika juu ya ngoma za Waafrika huandika kama anayeandika juu ya mvua au nzige: ngoma imetokea, watu wamecheza. Yeye aliandika fulani ametunga.

Mwaka 1947 aliiacha redio. Kampuni ya santuri ya Gallo ya Johannesburg ilikubali kumgharimia safari, naye aiachie nyimbo zinazoweza kuuzika. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza palikuwa na mikono miwili katika kazi ile, mmoja unahifadhi na mwingine unauza, na sidhani kwamba mwenyewe kila siku alijua upi ni upi.

Namna yake ya kufanya kazi inafaa kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayozifanya zile nyimbo ziwe hai mpaka leo. Wenzetu wa Marekani wenye bendi za magitaa, kama hao Grateful Dead, wanazo ghala za tepu za maonyesho yao ya zamani, na hadi leo huzitoa sahani mpya kutoka tepu za miaka ya 1970, na watu huzinunua kwa sababu wanasikia ukumbi, wanasikia makofi, wanasikia mpigaji akikosea na kujirekebisha. Tracey alikuwa na jambo hilo hilo bila ukumbi. Alikuwa akienda na lori na jenereta. Jenereta likiwekwa mbali ili ngurumo yake isiingie kwenye tepu, na waya mrefu ukivutwa mpaka chini ya mti au uani ambako watu wamekusanyika. Maikrofoni hakuisimamisha kwenye mguu akaiacha. Aliishika mwenyewe mkononi, akasogea na mwimbaji, akainama kwenye ngoma, akarudi kwa waitikiaji, kama mtu anayewapitishia watu buhuri. Ndiyo maana ukisikiliza unahisi umesimama katikati yao.

Basi mwaka 1950 lori lile lilizunguka Afrika Mashariki, Tanganyika, Kenya na Uganda. Ni mwaka ule ule ambao Siti binti Saad alifariki, mwezi wa Julai, Mola amrehemu. Nchi ya Wakipsigis aliyoikuta Tracey ilikuwa imekwisha kukatwa. Tangu miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kiingereza yalikuwa yamepanda chai katika ardhi nzuri ya Kericho, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa dini wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi karibu na ziwa. Shamba la chai wakati ule lilikuwa la Mzungu. Mkipsigis alikuwa mchumaji tu. Vilivyoingia pamoja na Wazungu ni vingi, na kimojawapo ni gramafoni.

Na ndani ya gramafoni alikuwamo Jimmie Rodgers.

Huyu naye alikuwa Mmarekani wa Mississippi, aliyezaliwa mwaka 1897, mfanyakazi wa gari la moshi. Kifua kikuu kilimshika mwaka 1924, kikamtoa katika kazi ya reli, akaangukia kwenye gitaa. Agosti 1927 aliimba mara ya kwanza mbele ya mitambo, katika mji wa Bristol, Tennessee, na kwa miaka sita akaacha nyimbo zaidi ya 100, nyingi kwa ile namna yake ya kuivunja sauti kooni na kuirusha juu, kama wanavyoitana wachungaji wa milima ya Uswisi. Mwezi wa Mei 1933 alikuwa New York akimalizia nyimbo zake za mwisho, mgonjwa hata amewekewa kitanda ajinyooshe baina ya wimbo na wimbo. Siku mbili baada ya kumaliza akafa, tarehe 26, naye ana miaka 35. Afrika hakuikanyaga. Santuri zake ndizo zilizoikanyaga, zikapanda mpaka milima ya Kericho, na Wakipsigis wakalisikia jina la mwimbaji wakalivika mwanzo wa kwao, Che, kama ulivyo katika Chemutoi, likawa Chemirocha.

Tracey alinasa nyimbo tatu zenye jina hilo. Mbili ni za wanaume, na ndani yake Chemirocha limekuwa jina la mambo mapya na ya kigeni yaliyoingia nchini. Ya tatu ni ile ya wasichana. Tracey aliandika katika maelezo yake kwamba kwa wasichana hao Chemirocha ni kiumbe nusu mtu nusu paa, mwimbaji na mcheza ngoma wa ajabu, nao wanamwita aje acheze nao mpaka suruali imvuke. Maelezo hayo yamezunguka dunia nzima, na Wazungu wengi wanaoupenda wimbo ule wanaupenda kwa sababu hiyo: ati wasichana wa msituni wamemgeuza mwimbaji wa reli kuwa mungu mwenye kwato.

Mimi nilipoyasoma nilikumbuka Dhulqarnaini, ambaye maana ya jina lake ni mwenye pembe mbili, na baadhi ya wafasiri wamesema ndiye Iskandar na wengine wamekataa. Mtu mkubwa wa mbali, aliyefika kwa sifa kabla ya kufika kwa mwili, huoteshwa pembe au kwato. Si Wakipsigis peke yao. Lakini yule bibi wa Roret, mpwa wangu alipomweleza habari ya nusu paa, alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Maoni yake yalikuwa kwamba wasichana wa umri ule, wakisimamishwa mbele ya Mzungu aliyeshika kitu kinachong'aa, wakaambiwa waimbe, lazima watamtania. Kwa nini nyinyi watu wa vitabu, alitaka kujua, mnafikiri msichana akiimba anaamini kila anachokiimba?

Sikuwa na jibu. Nimeandika mashairi ya mapenzi thelathini na tano kwa wanawake ambao hawakupata kuzaliwa.

Mambo mengine ya safari zake za 1950 na 1952 nitayapitia kwa haraka, ingawa kila moja lingestahili makala. Katika Buganda alinasa ngoma na marimba za jumba la Kabaka Mutesa. Mwezi wa Mei 1966 jeshi la Obote liliushambulia mji wa Mengo, Kabaka akakimbilia London, na wapigaji wa jumba wakatawanyika kama kuku. Alichokinasa Tracey kikabaki ushahidi wa jinsi jumba lile lilivyokuwa likisikika usiku. Rwanda pia alizinasa ngoma za Mwami mwaka 1952, na ufalme wenyewe ukafutwa 1961. Mwaka huo huo wa 1952, katika mji wa Jadotville, Kongo, ambao leo ni Likasi, alimkuta kijana mmoja akipiga gitaa barabarani kwa vidole viwili namna ambayo wapigaji wa Ulaya walihangaika nayo kwa miaka. Huyo ni Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao, na wimbo wake wa Masanga ukafika mpaka Nairobi ukawafundisha vijana wetu magitaa kabla hajafika mwenyewe.

Mwaka 1954 alijenga maktaba yake ya muziki wa Kiafrika huko Roodepoort, karibu na Johannesburg, kwa fedha za wafadhili wa Uingereza na za makampuni ya migodi. Akazipanga nyimbo katika mfululizo aliouita Sauti ya Afrika, santuri 210, kila wimbo una kadi yake: lugha, mahali, ala, aina, jina la mwimbaji. Ili apate pesa akatengeneza malimba ya kisasa ya kuuza, akayaita kalimba, na malimba hayo yakasafiri mbali kuliko santuri; katika miaka ya 1970 Maurice White wa bendi ya Earth, Wind and Fire alikuwa akiyapiga jukwaani mbele ya maelfu ya watu wa Marekani. Basi Mmarekani wa reli alikuja Kericho kama kwato, na kidude cha vidole cha Zambezi kikaenda Marekani kama dhahabu.

Je, alikuwa mtu wa namna gani? Wasomaji wangu wa zamani wanajua mimi si mtu wa kumpamba Mzungu kwa kuwa ameipenda ngoma. Tracey aliamini kwamba shule, kanisa na mji vinaua muziki wa Kiafrika, na kwamba kila kabila lina muziki wake ulio safi, na mchanganyiko ni maradhi. Katika Afrika Kusini ya baada ya 1948, serikali ikiwagawa watu kwa makabila na kuwafukuza mijini, mawazo ya namna hiyo hayakuwa mageni masikioni mwa wakubwa, na makampuni ya migodi yaliyomsaidia yalikuwa na faida yao katika kumwona mchimbaji ni mcheza ngoma wa kabila fulani kuliko ni mfanyakazi anayetaka mshahara. Hayo lazima yasemwe. Lakini tazama hukumu ya mambo: katika nyimbo zote alizozinasa, ule uliomletea sifa nyingi kwa watu wasiokuwa wasomi ni Chemirocha, mchanganyiko mtupu, kinubi cha Kikipsigis na jina la Mmarekani. Na yeye mwenyewe alipousikia hakuuzima mtambo, alisogeza maikrofoni. Masikio yake yalikuwa mema kuliko nadharia zake. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake.

Kosa lake kubwa naliona mahali pengine. Alinasa, akaandika kadi, akafunga sanduku. Alifariki Oktoba 23, 1977, na mwaka uliofuata mwanawe Andrew akazihamishia zile tepu Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Grahamstown, ambao tangu 2018 unaitwa Makhanda. Humo zilihifadhiwa vizuri, na hilo tusilidharau, maana ziko ofisi kadhaa huku kwetu ambamo tepu zimeliwa na ukungu au zimefutwa ili kunasia hotuba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ndogo ya Uholanzi, SWP, ikaanza kuzitoa upya, na wapenzi wa muziki wa Amsterdam na New York wakaujua wimbo wa Chemutoi Ketienya. Kapkatet ilikuwa haijaupata. Ilikuwa kati ya mwaka 2014 na 2015 ambapo maktaba ile, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na wenzao wa London katika mradi wa Singing Wells, iliwarudishia Wakipsigis nyimbo zao. Mmoja wa wanaume walioimba mwaka 1950 alikutwa yu hai, mzee mkongwe, akaisikia sauti yake ya ujana. Hesabu mwenyewe, msomaji: karibu miaka 65.

Sasa naja kwenye sababu yangu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa kiongozi wa vugo. Vijana wa leo huenda hawajui, vugo ni ngoma ya harusi ya wanawake, na ala yake ni pembe za ng'ombe zinazogongwa kwa vijiti. Bibi alikuwa akitunga papo hapo, mbele ya bibi harusi, na mipasho yake, nilivyosimuliwa, iliweza kumtoa mtu jasho. Nasema nilivyosimuliwa kwa kuwa wanaume hawakuwamo. Mwaka 1979, katika harusi ya mama yangu mdogo, mjomba aliomba ruhusa aweke kinasa sauti kwenye dirisha la uani. Bibi alikataa kwanza, kisha akakubali kwa sharti moja: kaseti isitoke ndani ya nyumba. Sauti yake ni ya wanawake wenziwe na ya wanawe, haikuimbwa kwa wapita njia.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Chuoni maalimu wetu alitufundisha kwamba kisomo hakitoki kwenye karatasi, hutoka kinywani kwa mwalimu, naye alikitoa kinywani kwa mwalimu wake, mpaka mwisho wa sanadi, na mtu asiyejua sanadi yake hajui anachokisoma. Niliisikiliza kaseti ile mara nyingi nikiwa na dada zangu, na nikiri leo kwamba mizani ninayoitumia katika mashairi yangu sikuifundishwa na mwanachuoni yeyote. Nimeitoa kwenye zile pembe.

Bibi alifariki mwaka 1988. Mwaka 1996, mimi nikiwa mwandishi kijana mwenye haraka ya kujulikana, mtayarishaji mmoja wa vipindi vya redio aliniomba kaseti atengeneze kipindi cha harusi za pwani. Nikampa. Sikumwuliza mama, sikuwauliza dada zangu. Aliahidi kuirudisha baada ya wiki moja. Nilikwenda mara ya kwanza, nikaambiwa amesafiri. Mara ya pili amehamishwa. Mara ya tatu hapakuwa na aliyejua habari ya kaseti. Miaka saba baadaye rafiki yangu alinambia ameusikia wimbo wa vugo, na jina la mama yangu mdogo limetajwa ndani yake, kwenye kibanda cha kuuzia kaseti Malindi. Nilipofika, kibanda kilikuwa kinauza viatu.

Kwa hiyo nilipokuwa pale jikoni Roret nikimhukumu Bwana Tracey kichwani mwangu, nilikuwa namhukumu mtu ambaye angalau aliandika kadi. Yeye aliomba wimbo kwa waimbaji wenyewe, mchana, mbele za watu, na wasichana wakamwimbia wakimtania. Mimi nilitoa sauti iliyositiriwa, sauti niliyowekewa amana, na sikuandika hata jina la mwimbaji juu ya ganda kwa ajili ya yule niliyempa.

Yule bibi aliutaka wimbo tena. Mpwa wangu akauweka, safari hii kwa sauti ya juu, na mvua ikipiga mabati bibi akaanza kuitikia na wale wasichana, polepole, akiwa nyuma yao kidogo. Kabla ya kuondoka alimwomba mke wa mpwa wangu amtilie wimbo ule kwenye simu ya mjukuu wake, kwa sababu kule juu, alisema, yuko mzee anayeweza kulijua jina la Ketienya, naye atakwenda kumwuliza mvua ikikatika. Aliniuliza nami kama kwetu pwani Mzungu yule alimnasa bibi yangu. Nikamwambia hapana, tulimnasa wenyewe.

Basi ndugu wasomaji, hasa nyinyi wa Malindi, Mombasa na Lamu wenye masanduku ya kaseti chini ya vitanda. Kaseti ninayoitafuta ni ya dakika 60, ganda jeusi lililovunjika pembe moja. Upande wa kwanza umeandikwa kwa hati ya Kiarabu, wino wa kijani, neno vugo na mwaka 1979. Upande wa pili haukuandikwa kitu. Inaanza kwa mtoto analia na mwanamke anamnyamazisha. Aliye nayo, hata nakala, aniletee habari kwa anwani ya gazeti hili. Simwulizi aliipata wapi, na gharama nitalipa. Haitapigwa redioni wala kuandikwa katika ukurasa huu. Mama yangu bado yu hai, na dada zangu wako watatu. Wataisikiliza wao kwanza, mlango umefungwa, na wakiniita nitaingia.